Dakika ya Salamu

Niseme mapema, mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimekaa Lodwar miaka kumi na tisa. Nimeona mto Turkwel ukijaa wakati hakuna hata wingu moja juu yetu, nimeona ngamia akipanda lori kwa hiari yake, na sikufungua mdomo. Lakini Jumamosi ile kwenye mchujo wa Papo kwa Papo nilishangaa, na hadi leo mke wangu Rael akinikuta nimenyamaza kwenye kiti huuliza, "Bado ni yule msichana wa Kakuma?" Bado ni yeye.

Jina langu ni Opondo. Ni karani mkuu katika ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja, maana wakubwa wangu hawapendi kutajwatajwa. Kama una televisheni unanijua. Nilikuwa nimeshinda michujo mitatu mfululizo, na sikushinda kwa bahati. Nasoma mimi! Kamusi nimeimaliza mara mbili, na mtu akiniambia "kitabu hii" jino linaniuma. Watu wa Lodwar wamenizoea, wakiniona nikija wanaambiana, "Nyamazeni, mwalimu wa ngeli anapita." Wacheke wanavyotaka.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Washindani ni wawili, maswali ni ishirini, kila mtu ana kitufe chake. Anayebonyeza kwanza ndiye anayejibu, akikosea swali linamwendea mwenzake. Mwenye pointi nyingi anasonga kwenye mchujo unaofuata, na kabla hajashuka jukwaani anapewa dakika moja ya salamu. Dakika hiyo ni yake peke yake, hewani, moja kwa moja, nchi nzima inamsikiliza na hata ng'ambo ya mipaka, kwa sababu siku hizi dishi limefika kila mahali. Dakika zangu tatu za nyuma nilizitumia vizuri. Nilisalimia wakubwa wangu, wakwe zangu wa Ugunja, na mwenye hoteli anayenikaangia samaki. Aliyeshindwa hapewi dakika. Anapewa mkono, basi.

Siku hiyo Papo kwa Papo walikuja kwetu kwa mara ya kwanza, wakafunga taa zao na kamera kwenye ukumbi mmoja nyuma ya soko. Joto lilikuwa la Lodwar, sina haja ya kueleza. Mimi na mshindani wangu tulikalishwa chumba kimoja kupakwa poda, na kila poda ikipakwa jasho linaiteremsha shingoni. Mshindani alikuwa msichana mrefu wa miaka ishirini na minne hivi, amevaa gauni la kijani lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Aliitwa Abuk. Alitoka Sudan Kusini, anaishi Kakuma kwenye kambi ya wakimbizi, na alikuja na karatasi ya ruhusa ya siku mbili ambayo aliikunja na kuikunjua kila baada ya muda mfupi.

"Ejok, mzee," akanisalimu.

"Ejok. Habari ya safari?"

"Mzuri." Akasubiri hadi anayetupaka poda atoke. "Mzee, hiyo dakika ya salamu ni dakika mzima? Ama wanakata?"

"Nzima," nikasema.

Akashusha pumzi. Mimi nilikuwa namsahihisha tu, yeye akadhani namjibu. "Mzima. Hiyo inatosha," akasema. "Nataka kuita ndugu yangu."

Akanieleza pale pale, bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda hospitali. Miaka minane iliyopita vita vilipofika kwao, yeye na mama yake walikimbilia upande wa Kenya. Mdogo wake, Mabil, alikuwa malishoni na ng'ombe wa mjomba. Alikuwa na miaka kumi na moja. Hawakuweza kurudi kumchukua. Mjomba aliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, na kuhusu kijana kila mtu alisema lake, mara yuko Juba, mara ameonekana Uganda, mara amekufa. Mama alifariki mwaka wa pili kambini akiwa bado anauliza. Abuk alikuwa ameandikisha jina kila mahali panapoandikisha watu waliopotea, na amebandika picha, lakini picha ni ya mtoto wa miaka tisa. Nani atamtambua sasa?

"Lakini mtu hawezi kubadilisha jina ya baba yake," akasema. "Wakinipatia dakika, nitaita majina. Kama iko hai, atasikia. Au mtu atasikia, atamwambia."

Yawa! Ungesema nini wewe? Mimi nilikunja shingo nikajitazama kwenye kioo. Nilikuja kushinda. Nilikuwa na orodha ya salamu mfukoni, imeandikwa kwa wino. Na yeye kama aliyeona kinachonizunguka kichwani akasema, "Mzee, usiniachie. Ukiniachia, wataona, watasema huyu amepewa. Wewe jibu ile unajua."

"Sijawahi kumwachia mtu," nikamwambia, na ulikuwa ukweli mtupu.

Mtangazaji alikuwa Kamande, kijana wa Nairobi mwenye suti ya kubana na maneno mengi. Jaji alikuwa Mwalimu Jelagat, mwanamke mwenye miwani minene, mbele yake bahasha ya majibu na kengele. Yeye hacheki na hakosei. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani.

Maswali sita ya kwanza nilimfagia. Mji mkuu wa Mongolia, mimi. Metali iliyo majimaji hata ikikaa mezani, mimi. Tano kwa moja! Nilisikia watu wangu wa ofisini wakipiga makofi, na nikaanza kumwonea Abuk huruma ile mbaya, ya mtu aliyeshiba.

Swali la saba Kamande aliuliza, "Ni kiumbe gani wa baharini mwenye mioyo mitatu?"

Kitufe cha Abuk kililia kabla sijanyanyua kidole. "Pweza," akasema. "Na damu yake iko rangi ya buluu."

"Sahihi!" Kamande akacheka. "Dada, umewahi kuona bahari kweli?"

"Hapana. Nilifungia sukari."

Ukumbi ukaangua kicheko, hakuna aliyeelewa. Kamande akamwomba aeleze. Basi akaeleza kwamba kazi yake ni kuuza sukari na chumvi ya kupima pale Kakuma, robo kilo, nusu kilo, na karatasi za kufungia ni vitabu vikuukuu na magazeti anayonunua kwa gunia. Mkataba wake na yeye mwenyewe ni mmoja, hafungii mteja karatasi ambayo hajaisoma. Pande zote mbili. Wateja wamemzoea, wanasimama kwenye foleni wanangoja amalize ukurasa.

"Na wasiponunua?" Kamande akauliza.

"Basi nasoma polepole."

Kuanzia hapo mchezo ukageuka. Lo! Sijui nieleze vipi. Mimi nimesoma vitabu kutoka mwanzo hadi mwisho, najua wapi kitu kinaanza. Huyu alijua kurasa. Ukurasa mmoja wa nyota, ukurasa mmoja wa mifupa, ukurasa mmoja wa wafalme wa mahali ambapo hata yeye hakujua ni wapi kwa sababu jina la nchi lilibaki kwenye ukurasa uliotangulia. Lakini ule ukurasa aliokuwa nao aliujua wote, hata maandishi madogo ya chini. Akaulizwa sayari ambayo siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake. "Venus," akasema, halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "ile nyota ya alfajiri, mama yangu alikamua ng'ombe ikitoka." Akaulizwa mfupa mdogo kuliko yote uko wapi, akagusa sikio lake kabla hajasema. Maswali kumi na matatu yalipoisha nilikuwa na saba, yeye sita, na shati langu lilikuwa limeshikana na mgongo.

"Ziwa kubwa kuliko yote duniani lililo jangwani?"

Tulibonyeza pamoja, chake kikawahi. "Turkana!" akasema, na ukumbi mzima ukasema naye. Mzee mmoja dirishani akapaza sauti kwamba hata mbuzi wa Todonyang kule ziwani wanajua hilo, mbona hawajaalikwa. Saba kwa saba.

Wingi wa ulimi, ndimi, hiyo ni yangu, nani angeninyang'anya? Halafu likaja swali la kumi na sita. Hilo ndilo lililoanza kunivunja.

"Taja jina la mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu."

Abuk alibonyeza kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Uso wake ulifunguka wote. "Huyo mama namjua!" akasema. "Alikuwa anafanya kazi kwa kiwanda ya nguo. Baba yake alikufa kwa vita, yeye iko mtoto mdogo. Alikuwa anapenda kuruka na parachuti. Alizunguka dunia mara arobaini na nane, peke yake."

"Jina, dada," Kamande akasema.

Abuk akafumba macho. Tuliona akitafuta. "Jina ilikuwa juu," akasema hatimaye. "Hiyo ya juu ilikuwa imekatwa. Ile iko kwangu inaanza kwa kiwanda."

Watu walianza kucheka, kicheko kikafia njiani. Mwalimu Jelagat akatikisa kichwa, kengele ikalia, swali likaja kwangu. "Tereshkova," nikasema. Sahihi, tisa kwa saba. Na niwaambie ukweli ulio wazi, mimi nilijua jina tu. Kiwanda sikukijua. Baba sikumjua. Nimelijua jina la mwanamke yule miaka thelathini na sikuwahi kujiuliza ana baba. Nilisimama pale na pointi yangu nikaona aibu, na aibu mimi siijui vizuri, nilidhani ni joto.

Hakunipa nafasi ya kuifikiria. Kumi na saba mara kumi na tatu? Kamande hajafunga mdomo, "Mia mbili ishirini na moja!" Akachukua na lililofuata. Tisa kwa tisa. La kumi na tisa nikalipata mimi, la ishirini akalipata yeye. Kumi kwa kumi. Watu walikuwa wamesimama. Emuria, mlinzi wa ukumbi, aliacha mlango wazi akaja mpaka mbele na rungu lake begani, na hakuna aliyemfukuza.

Nilimtazama Abuk. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili na midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anasali. Baadaye nilijua alikuwa anapanga majina, yasije yakachanganyika dakika ikifika.

Wakifungana huulizwa swali moja la kasi, jepesi kabisa, mwenye kidole chepesi ndiye mshindi. Kamande akafungua bahasha, akatabasamu kwa wepesi wa swali. "Ukiambiwa mkutano ni saa saba mchana, mshale mfupi wa saa unaelekea tarakimu gani?"

Abuk alikuwa ameshabonyeza. "Saba!"

Ukumbi wote ukasema "Aaa!" kwa pamoja, ile ya uchungu.

Sikiliza. Mtoto yeyote wa Kenya anajua saa saba mchana mshale mfupi uko kwenye moja. Tunahesabu tangu jua lichomoze, saa ya ukutani inasema yake na sisi yetu, tumeishi hivyo. Na Abuk pia anajua, miaka minane anauza sukari kwa Kiswahili. Lakini nyumbani kwake, na majirani zake, wanaongea Kiarabu cha Juba. Na kwa Kiarabu cha Juba saba ni hiyo hiyo saba, na saa ni hiyo hiyo saa, ila saa saba yao mshale uko kwenye saba yenyewe. Neno ni moja. Pale Kakuma watu wamemkosa daktari, wamekosa harusi za ndugu zao, kwa hizo sita na saba na tisa. Msichana aliyejua damu ya pweza aliwahi mno, na aliyejibu ndani yake ni lugha iliyokuwa karibu.

Aligundua mara ile ile. Alijifunika mdomo.

"Mzee Opondo?" Kamande akasema.

Hapa ndipo watu wengi huniuliza. Mbona hukunyamaza? Mbona hukusema tatu, au kumi? Kwa sababu alinikataza. Kwa sababu nilimwangalia na yeye akanitazama moja kwa moja machoni, akatikisa kichwa kidogo, yaani usithubutu. Nikasema, "Moja."

Kengele, makofi, makaratasi ya rangi yakamwagika kutoka juu. Abuk akanyoosha mkono. "Hongera, mzee." Mkono wake ulikuwa baridi ndani ya joto lile lote. Taa ya upande wake ikazimwa.

"Na sasa," Kamande akaimba, "dakika ya salamu ya bingwa wetu, mara ya nne mfululizo!"

Nilitoa orodha yangu mfukoni. Nikaona jina la mkubwa wangu, limepigiwa mstari. Nikairudisha.

"Kamande, dakika hii mpe huyu dada."

Akainama, akaziba kipaza sauti chake. "Sheria hairuhusu, mzee. Anayesema ni mshindi tu. Kipaza sauti cha huyu tumeshakizima."

"Dakika ni yangu?"

"Ni yako, na inakwenda."

"Basi nitasema nitakayo." Nikageuka. "Abuk! Sogea hapa. Wewe sema, mimi nitafuata."

Alielewa mara moja, hakuuliza mara mbili. Akaja akasimama begani kwangu, nje ya mwanga, akaanza kuninong'oneza, na mimi nikasema hewani kila alichosema.

"Ninamwita Mabil," nikasema. "Dada yako Abuk iko hai. Iko Kakuma Moja, kwa duka ya sukari karibu na kinu." Nilisema hivyo hivyo alivyosema, duka ya sukari, iko hai, na jino halikuniuma hata kidogo. "Mama alilala. Aliuliza wewe mpaka mwisho. Mabil ni wengi. Mimi naita Mabil mmoja. Mabil wa Ngor."

"Wa Athian," akanong'ona.

"Wa Athian," nikasema.

"Wa Kuol."

"Wa Kuol."

"Wa Yel."

"Wa Yel."

Emuria alikuwa amevua kofia. Mimi sina dini nyingi, huenda kanisani Rael akinisukuma, lakini pale niliona ubaridi ukinipanda mgongoni. Watu hawa wote waliokufa zamani walikuwa wanapita mdomoni mwangu, mmoja baada ya mwingine, kumtafuta mtoto mmoja.

"Wa Akech," akanong'ona.

"Wa Okech," nikasema.

Akanivuta mkono wa shati. "Akech."

"Ndiyo, Okech," nikasema, na kengele ikalia, taa nyekundu ya kamera ikazimika. Dakika ilikuwa imekwisha. Majina mengine manne yalibaki kifuani mwake.

Nilitarajia shukrani, niseme ukweli. Badala yake Abuk alinigeukia na machozi aliyokuwa ameyazuia siku nzima. "Mzee, umeharibu babu! Ni Akech!"

"Sasa Akech si mwanamke?" nikasema.

"Mwanamke gani? Ni babu!"

"Kwetu Wajaluo, Akech ni wa kike! Wa kiume ni Okech. Nawezaje kumwita babu yako jina la kike mbele ya nchi nzima?" Niamini, sikukusudia. Ulimi wangu ulimsahihisha mzee wa watu bila kuniuliza, ulivyozoea kusahihisha kila mtu. Nilipoona uso wake hasira ikaniishia. Alikuwa na nafasi moja, na mimi nimemtumbukizia Mjaluo katikati ya ukoo wa Wadinka. Nilikaa kwenye ngazi ya jukwaa, kichwa mikononi.

Watu walianza kutoka. Kila mchujo ukiisha, simu ya malalamiko hubaki wazi dakika kumi, mtazamaji anayeona jibu limekosewa anapiga, na Mwalimu Jelagat ndiye anayepokea. Siku hiyo ililia kuliko kawaida. Wa kwanza alisema yeye ndiye Mabil, akaulizwa baba yake nani, akakata. Wa pili hivyo hivyo. Jelagat aliikata simu ya tatu kwa hasira. Ya nne aliisikiliza muda mrefu, halafu akavua miwani.

"Mzee Opondo," akaita. "Kuna mtu Todonyang, kwa wavuvi. Anakulalamikia wewe."

"Jibu gani?"

"Si jibu." Akaweka spika.

Sauti ilikuwa nzito, ya mwanamume, upepo unavuma nyuma yake. "Nani huyo ameita babu yetu Okech?" ikasema. "Hakuna Okech kwetu. Ni Akech. Mwambie arudie!"

Abuk hakusogea. Nilidhani atairukia simu. Lakini ndugu aliyemwacha alikuwa na sauti ya mtoto, na hii hakuijua. Alipofungua mdomo kusema kwa lugha yao, Jelagat akamzuia kwa mkono. "Kwa Kiswahili, tusikie sote. Hapa leo wadanganyifu wamezidi."

Basi Abuk akasogea, akauliza. "Nani alizaa Akech?"

"Riak."

"Nani alizaa Riak?"

"Mayen. Na Mayen alizaliwa na Agot. Na Agot ni mtoto wa Biar. Uliza ingine."

Yalikuwa yale manne. Nilisimama. Lakini Abuk bado, yawa, moyo wa huyo msichana! Alitikisa kichwa, akaniambia kando, "Hayo hata mtoto wa mjomba anajua." Halafu akairudia simu, ameishika kwa mikono miwili. "Ukikataa kula, mama alifanya nini?"

Upepo wa ziwani ukavuma kwenye spika. Mtu alisema kitu mbali, akanyamazishwa.

"Aliita mbwa," sauti ikasema, polepole sasa. "Alisema, mbwa, njoo ukule chakula ya Mabil."

"Mbwa iliitwa nani?"

Tulisikia maji yakipiga mtumbwi. Jelagat alikuwa amenifinya mkono kwa kucha zake na hajui. Nikasema moyoni, amekwama, jina limekatwa juu. Nilikuwa tayari kumnong'oneza jina lolote la mbwa, mimi ambaye sijawahi kumwachia mtu.

"Hatukuwa na mbwa, Abuk," sauti ikasema. "Mama alikuwa anaita tu."

Kwenye mchezo wetu jaji ndiye husema sahihi. Jelagat hakuweza. Abuk alijaribu, akaanguka na Emuria akamdaka. Simu ilimponyoka ikaangukia mezani, na kijana anaita, "Abuk? Abuk, nimekosa?" Nikaichukua.

"Hujakosa, kijana," nikamwambia. "Ni Akech. Mimi ndiye niliyekosea."